Simbilisi Ananyonyoka: Tafuta Chanzo Kwanza, Dawa Baadaye



Somo la toleo hili lilituijia ndani ya katoni ya sabuni. Mwezi wa Februari 2024 mama mmoja wa kikundi chetu alikuja mkutanoni amebeba katoni iliyotobolewa matundu. Nyuma yake alikuwa binti yake wa gredi ya nne, macho mekundu kwa kulia. Ndani ya katoni mlikuwa na simbilisi jike, mweupe mwenye mabaka ya kahawia, jina lake Sukari. Mbavuni, upande wa kulia na wa kushoto, hakuwa na manyoya hata kidogo. Ngozi ilikuwa wazi kama kiganja cha mkono.

Mama alitueleza shida yake. Jirani wa kwanza alikuwa amempa oili chafu ya gari ili ampake. Jirani wa pili alikuwa amempimia dawa ya kuogeshea ng'ombe kwenye chupa ya soda. Naye baba wa nyumba alikuwa amesema neno moja tu: kufikia Jumamosi, huyo mnyama awe ameondoka kabla hajawaambukiza watoto. "Sasa niambieni," mama akasema, "nimfuate nani?"

Kwa wale wasiomjua, simbilisi ni yule mnyama mdogo asiye na mkia ambaye watoto wengi siku hizi humwita ginipigi. Asili yake ni milima ya Andes kule Amerika ya Kusini, ambako watu wamemfuga kwa maelfu ya miaka. Hapa kwetu wengine humfuga kwa nyama au kwa kuuza, na wengine humfuga kwa sababu watoto wanampenda tu. Sukari alikuwa wa aina hiyo ya mwisho. Alinunuliwa mwaka 2021, na ni yule binti aliyekuwa akimkatia nyasi kila jioni.

Tulivyokosea sisi wenyewe

Hapa tunataka kusema ukweli, maana mwalimu anayeficha makosa yake hafundishi. Tulimtazama Sukari kwa dakika moja hivi, tukatikisa vichwa, tukasema: "Huu ni upele." Tulikuwa tumeona sungura wengi wenye upele, na mbuzi pia, kwa hivyo macho yetu yaliona kile yalichozoea kuona.

Jambo jema tulilofanya siku hiyo ni moja. Tulimwambia mama asimpake oili, na ile dawa ya ng'ombe airudishe kwa mwenyewe. Halafu tukaenda naye kwa afisa wa mifugo wa wadi tukamwambia ni upele. Afisa alituamini. Alimpima Sukari uzito, akamdunga aivamektini kidogo sana, na baada ya siku 14 akamdunga tena.

Mwisho wa Machi tulienda kumwona. Kipara kilikuwa pale pale, tena kimeongezeka upana wa kidole. Pesa za mama zilikuwa zimeenda. Baba alitukaribisha chai vizuri, halafu akatuuliza, "Hiyo dawa yenu ilikuwa ya kutibu nini?" Hatukuwa na jibu.

Ndipo yule binti, ambaye tangu mwanzo hakuna aliyekuwa amemuuliza kitu, akasema polepole: "Mwalimu, lakini Sukari hajikuni."

Tulinyamaza. Mnyama mwenye upele hujikuna usiku na mchana. Huyu hakuwa akijikuna, na sisi hatukuuliza. Kunyonyoka manyoya si ugonjwa. Ni dalili, kama vile homa ilivyo dalili. Homa inaweza kuwa malaria, inaweza kuwa kichomi, inaweza kuwa kidonda kilichooza. Ukimpa kila mwenye homa dawa ya malaria, wengine watapona na wengine utawazika. Vivyo hivyo kipara cha simbilisi kina vyanzo vingi, na kila chanzo kina tiba yake.

Basi tulirudi mwanzo. Haya ndiyo maswali sita tuliyopaswa kuuliza siku ya kwanza. Yaandike kwenye daftari lako.

Kabla ya kuuliza: mshike vizuri

Mtoe mnyama nje mahali penye mwanga wa jua la asubuhi. Weka mkono mmoja chini ya kifua chake na mwingine chini ya makalio, umkalishe mapajani juu ya kitambaa. Usimwinue kwa ngozi ya shingo, wala usimbane tumbo. Tandika karatasi nyeupe, kisha mchane kwa kitana chenye meno membamba ili uchafu wa manyoya uangukie hapo. Halafu mpime uzito. Mizani ya dukani ya kupimia sukari inatosha. Jike mzima huwa na gramu 700 hadi 900 hivi, na dume gramu 900 hadi 1,200. Ukiwa na uzito wa kila wiki, utajua mapema mnyama akianza kudhoofika, hata kama manyoya yanakuficha mifupa.

Swali la 1: Je, kweli ni kipara?

Nyuma ya kila sikio, simbilisi wote wana sehemu ndogo isiyo na manyoya. Ndivyo walivyoumbwa. Tumewahi kuletewa mnyama mzima kabisa kwa ajili ya sehemu hiyo. Pia watoto wa simbilisi wanapoachishwa kunyonya, manyoya yao hupungua kidogo huku ya utu uzima yakiota. Hilo nalo halitaki dawa.

Swali la 2: Anajikuna au hajikuni?

Hili ndilo swali linalogawanya njia. Keti kimya karibu na kizimba kwa nusu saa, umtazame.

Akijikuna sana, akijiuma, akilia unapomgusa mgongo, fikiria utitiri wa upele. Hivi ni vidudu vidogo kuliko macho yetu yanavyoweza kuona, vinavyochimba ndani ya ngozi. Ngozi huwa nene, yenye magamba na vidonda, hasa mabegani, mgongoni na mapajani. Mwasho wake ni mkali mno, kiasi kwamba mnyama anaweza kuanguka na kutetemeka kama mwenye kifafa. Watu wengi wakiona hivyo husema amelogwa au ana wazimu. Kumbe ni mwasho tu, na unatibika.

Akijikuna kiasi, angalia ile karatasi nyeupe. Ukiona vitu vyembamba vya rangi ya maziwa vikitembea, hao ni chawa. Chawa wa simbilisi wanaonekana kwa macho, na hawaishi kwa binadamu. Kwa hivyo usiogope kwamba watoto watawapata kichwani.

Kama hajikuni kabisa, toa upele kwenye orodha yako kwanza, uendelee na maswali mengine.

Swali la 3: Kipara kiko wapi, na ngozi yake ikoje?

Kikianzia puani, kuzunguka macho au masikioni, na kikawa cha mviringo chenye magamba kama unga mkavu, huenda ni choa. Choa huletwa na ukungu wa ngozi, na huwapata zaidi wanyama wachanga na wale waliobanana.

Kama nywele hazikung'oka bali zimekatwa, ukipitisha kidole unahisi visiki kama ndevu za juzi, na ngozi yenyewe ni safi, basi kuna mtu anazitafuna. Mara nyingi ni mwenzake. Watazame: yule mwenye manyoya yote mazuri ndiye kinyozi. Watoto pia huyatafuna manyoya ya mama yao. Tabia hii huletwa na kubanana na kukosa nyasi za kutafuna. Ongeza nafasi na nyasi kavu, na ikibidi mtenge huyo kinyozi.

Kama ni tumboni na miguuni, pakiwa pekundu na penye unyevu, angalia pale anapolala. Mkojo unachoma ngozi.

Kama ni mbavuni pande zote mbili, sawasawa kama kwamba mtu amepima kwa rula, na ngozi ni laini isiyo na kidonda, nenda moja kwa moja kwenye swali la 6.

Swali la 4: Wenzake wako vipi? Na watu wa nyumbani je?

Kinachoambukiza hakikai kwa mmoja muda mrefu. Upele, chawa na choa huwafikia wengine wa kizimba kimoja. Kama mmoja tu ndiye amenyonyoka kwa miezi miwili na wenzake ni wazima, chanzo huenda kiko ndani ya mwili wake yeye.

Waangalie watoto pia. Mtoto mwenye duara lenye mwasho mkononi, au mapunye kichwani, anaweza kuwa amepata choa kutoka kwa mnyama. Ule utitiri wa upele nao unaweza kumletea mtu vipele vya kuwasha kwa muda, ingawa hauendelei kuzaana kwa binadamu. Mwambie daktari wa watoto kwamba nyumbani kuna simbilisi, maana asipojua hataweza kuunganisha mambo hayo mawili.

Swali la 5: Anakula nini?

Simbilisi anafanana nasi kwa jambo moja ambalo wengi hawalijui. Mwili wake hauwezi kujitengenezea vitamini C, kama wetu usivyoweza. Sungura anaweza, mbuzi anaweza, ng'ombe anaweza. Simbilisi na binadamu hawawezi. Mwaka 1907 wataalamu wawili wa Norway, Axel Holst na Theodor Frølich, waliwalisha simbilisi nafaka tupu na wanyama hao wakapata kiseyeye, ugonjwa ule ule uliokuwa ukiwaua mabaharia. Ni kwa njia ya mnyama huyu mdogo kwamba dunia ilipata namna ya kuchunguza kiseyeye cha watu.

Simbilisi anayelishwa pumba na makombo ya ugali tu huanza kuwa na manyoya makavu yaliyosimama. Viungo huvimba, hataki kutembea, fizi hutoa damu, na kidonda kidogo hakiponi. Mnyama mzima anahitaji miligramu 10 hadi 30 za vitamini C kwa siku kwa kila kilo ya uzito wake, na mwenye mimba anahitaji zaidi. Usishtuke na hesabu. Jani moja au mawili ya sukuma wiki mbichi kila siku yanaweza kumtosha. Mapera, majani ya dhania na pilipili hoho tamu pia ni nzuri. Chakula cha punje cha sungura hakimsaidii kwa hili, kwa sababu hakiongezwi vitamini C. Na usitegemee kuitia kwenye maji ya kunywa, kwa kuwa huharibika upesi.

Juu ya yote, nyasi ziwepo mchana na usiku. Meno ya simbilisi huota maisha yake yote, na bila nyasi za kuyasaga yatamzuia kula.

Swali la 6: Ni dume au jike, ana umri gani, na ana mimba?

Jike mwenye mimba iliyokomaa anaweza kunyonyoka mbavuni pande zote mbili, hasa yule anayezalishwa mfululizo bila kupumzika. Mimba huchukua siku 59 hadi 72. Akishazaa na kula vizuri, manyoya huota yenyewe. Huyo anataka lishe na mapumziko, hataki sindano.

Lakini jike mwenye umri wa mwaka mmoja na nusu au zaidi, asiye na mimba, akinyonyoka vile vile pande zote mbili bila kujikuna, mara nyingi ana uvimbe wa maji kwenye vifuko vya mayai. Tumbo linaweza kujaa kwa pembeni, na chuchu zikawa kubwa zenye magamba. Uvimbe huo unaweza kuvuruga homoni za mwili, na manyoya yakaanguka. Hauambukizi mtu yeyote wala mnyama yeyote.

Sasa utawatofautishaje hawa wawili, maana wote wawili wana matumbo makubwa na vipara sawa? Unahitaji tarehe.

Daftari la binti

Tulimuuliza binti, "Dume aliondoka lini hapa?" Tulitarajia aseme "zamani kidogo," kama sisi watu wazima tunavyojibu. Badala yake aliingia ndani akatoka na daftari la shule lililokatika jalada. Kwenye kurasa za mwisho alikuwa ameandika mambo ya Sukari tangu anunuliwe. Dume alipelekwa kwa binamu yake tarehe 26 Desemba 2023. Siku tuliyokuwa tumeketi pale ilikuwa tarehe 30 Machi 2024. Tulihesabu pamoja naye: siku 95. Hakuna mimba ya simbilisi inayofika siku 95.

Tuliendelea na daftari. Uzito wa kila Jumapili kutoka mizani ya dukani ulikuwa umepanda kidogo, ingawa alikuwa hali zaidi. Mabinti wake wawili waliokuwa wakilala naye hawakuwa na kipara chochote. Watoto wa nyumba hawakuwa na duara lolote mwilini. Chakula kilikuwa nyasi, sukuma wiki na majani ya viazi vitamu. Maswali matano yalikuwa yamefunga milango mitano, ukabaki mmoja.

Safari hii hatukusema "ni hiki." Tulimwandikia daktari wa mifugo wa mjini majibu yote sita kwenye karatasi moja, mama na binti wakampelekea pamoja na Sukari. Daktari alimpapasa tumbo, akasikia uvimbe kulia na kushoto, na picha ikathibitisha. Ulikuwa ni uvimbe wa vifuko vya mayai. Kwa hivyo zile sindano mbili za mwanzo zilitibu ugonjwa ambao haukuwepo.

Vipara vingine viwili

Mwaka huo huo tulipata nafasi ya kujaribu somo letu, na ndiyo maana tunaliandika kwa uhakika zaidi.

Mwezi wa Julai mzee mmoja alituletea dume aliyenyonyoka mabegani. Tulimtazama nusu saa. Alijikuna karibu muda wote, na tulipomgusa mgongo alipiga kelele na kutetemeka. Wenzake watatu nao walikuwa wameanza. Huyu sasa ndiye aliyekuwa na upele. Afisa wa mifugo alikwangua ngozi, akatazama kwa darubini, akawatibu wote wanne, siyo yule mmoja tu. Dawa ilirudiwa kwa sababu haiui mayai ya utitiri, kwa hivyo lazima uwasubiri waanguliwe ndipo uwapate. Baada ya wiki sita manyoya yalikuwa yanaota.

Mwezi wa Septemba ilikuwa ni mtoto wa chekechea mwenye duara shavuni. Mama yake alikuwa amempaka krimu mara mbili, linapona na kurudi. Tulipouliza kama kuna mnyama nyumbani, alituonyesha simbilisi mchanga mwenye magamba puani. Mtoto alikuwa akilala naye kitanda kimoja. Mtoto alitibiwa zahanati, mnyama akatibiwa na daktari wa mifugo, na kizimba kikasafishwa. Wangetibu mmoja tu, wangezunguka mwaka mzima.

Wanyama watatu, vipara vitatu, na kwa mbali vyote vinafanana. Tiba ya mmoja isingemfaa mwingine.

Mambo ya kutofanya

Usipake oili chafu. Ina sumu, inaziba ngozi, na mnyama huilamba anapojisafisha. Inaingia tumboni mwake.

Usitumie dawa ya kuogeshea ng'ombe. Imepimwa kwa mnyama wa mamia ya kilo. Simbilisi ana ngozi nyembamba na mwili mdogo.

Usijidungie aivamektini uliyonunua agroveti. Ile ya kawaida ya ng'ombe hutolewa mililita 1 kwa kila kilo 50. Kwa mnyama wa kilo moja hiyo ni mililita 0.02, yaani chini ya nusu ya tone. Hata daktari akiamua kuongeza, bado ni kama tone moja tu. Mkono ukiteleza kidogo umempa dozi ya mbuzi.

Usimpe penisilini, amoksilini wala ampisilini iliyobaki nyumbani. Dawa hizi huua vijidudu vizuri vya tumboni mwake, na vibaya vikatawala. Simbilisi wengi hufa kwa dawa hizo, siyo kwa ugonjwa waliokuwa nao.

Usingoje akiacha kula. Simbilisi asiyekula kwa siku moja yuko hatarini, hata kama kipara chake ni kidogo. Mpeleke siku hiyo hiyo.

Kazi ya nyumbani wakati unatafuta chanzo

Mtenge anayeumwa kwenye boksi lake, lakini karibu na wenzake wawe wanasikiana, maana simbilisi akiwa peke yake huhuzunika na kupunguza kula. Mtandikie nyasi kavu au maranda safi, na ubadilishe kabla hayajalowa. Nawa mikono kwa sabuni baada ya kumshika. Kama unashuku choa, choma matandiko yote, sugua kizimba kwa sabuni, kisha kwa maji yenye klorini, sehemu moja ya klorini kwa tisa za maji. Kiache kikauke juani kabisa kabla ya kumrudisha mnyama. Mbegu za ukungu zinaweza kukaa kwenye mbao kwa miezi mingi.

Na uandike. Tarehe kipara kilipoonekana, ukubwa wake, uzito, chakula, mnyama mgeni aliyeletwa, dume alipoingia na alipotoka. Daftari la shilingi chache linaweza kukuokolea pesa nyingi za dawa.

Ilivyokuwa kwa Sukari

Wasomaji watauliza, je, alipona? Hapana, hakupona. Daktari alieleza njia tatu. Kumpasua na kutoa vifuko ndiyo tiba kamili, lakini gharama yake ilikuwa kubwa kwa familia ile na upasuaji wenyewe una hatari kwa mnyama mdogo. Kuna sindano za homoni ambazo husaidia baadhi tu. Au wamwache, wamtazame kila wiki, na wamlete mara akiacha kula au tumbo likivimba na kuuma. Walikaa kama familia wakachagua njia ya tatu.

Lakini chanzo kilipojulikana, kitu kimoja kilibadilika siku ile ile. Baba aliuliza mara mbili, "Kwa hivyo hauambukizi?" Mama akamwambia, "Hauambukizi." Jumamosi iliyofuata, badala ya kumwondoa mnyama, alipigilia mbao na kumtengenezea kizimba kipya kilichoinuka kutoka ardhini.

Sukari aliishi miezi 13 zaidi, mbavu zake wazi, akila sukuma wiki yake na kupiga mluzi kila aliposikia hatua za binti. Mwishoni mwa Aprili 2025 uzito ulianza kushuka. Yule binti alikuwa wa kwanza kuuona kwenye daftari. Alipoacha kula walimpeleka kwa daktari siku hiyo hiyo, naye akamsaidia kufa bila maumivu. Amezikwa chini ya mparachichi.

Tulipoenda kuwapa pole, binti alitupa karatasi moja aliyoichana kwenye daftari lake. Ilikuwa na maswali sita, kwa mwandiko wake mwenyewe. Lile la "Anajikuna?" alikuwa ameliweka namba moja, na pembeni ameandika: "Muulize anayemlisha." Sisi hatukuwa tumeandika hilo. Sasa tumeliongeza.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Taja vyanzo vitano vya simbilisi kunyonyoka manyoya. Ni vipi kati yake vinaweza kuwafikia watu?

2. Jirani yako ana jike wa miaka miwili aliyenyonyoka mbavuni pande zote mbili. Utamuuliza nini kabla ya kumshauri chochote?

3. Kwa nini simbilisi hawezi kuishi kwa chakula cha sungura peke yake? Ni majani gani ya hapa kwetu yanayoweza kumpa vitamini C?

4. Je, kuna dawa mliyowahi kumpa mnyama kabla ya kujua chanzo? Ilikuwaje?

5. Nyumbani kwako, ni nani anayewalisha wanyama kila siku? Mara ya mwisho mnyama alipougua, mlimuuliza yeye ameona nini?